Fyuzi Mfukoni

Mafundi wenzake walimwita Fyuzi, wala hakuwahi kuchukia. Miaka yote ya kazi yake ya umeme, kabla ya kupanda ngazi alichomoa fyuzi ya taa akaitia kwenye mfuko wa shati, asije akatokea mjuaji wa kuirudisha yeye akiwa juu. "Aliye juu ya ngazi ndiye anayekaa na fyuzi," aliwaambia wanagenzi wake, na wanawe pia, ambao hata hawakumuuliza.

Leo alikuwa juu ya ngazi sebuleni kwa binti yake. Binti alisimama chini ameshika taa aliyoitamani tangu ujana: sahani tatu za bati jeupe zilizopandana, mtindo wa zamani wa mbunifu mmoja aliyechukia balbu kumkodolea mtu macho. Mwanga wake huangukia meza, si usoni. Baba mtu ndiye aliyeng'ang'ania kuitundika, maana binti alishaanza kumtilia shaka.

"Siku nikijua huoni vizuri, mkoba wako wa kazi naufungia kabatini," alishamwambia, na yule hana utani.

Kweli haoni vizuri. Jicho la kulia lilishaingia ukungu, la kushoto lilikuwa njiani. Testa yake ina kijitaa kinachowaka ikigusa waya wenye moto, lakini hakukumbuka mara ya mwisho kukiona kimewaka. Kwa hiyo alitegemea fyuzi, na masikio. Alipoichomoa, redio ya jikoni ilinyamaza, akaridhika akapanda.

Alishafungua taa ya zamani na nyaya zilikuwa wazi. Mkono mmoja ulikuwa karibu kuzigusa, mwingine ulishuka kuipokea taa mpya. Binti akainyanyua, ameshika bati lake kwa mikono yote miwili.

Redio. Redio hula umeme wa soketi, na taa zina fyuzi yao. Kumbe alichomoa ya soketi. Angeweza kusema amesahau bisibisi, ashuke, abadilishe fyuzi kimyakimya, na nani angejua? Uongo ulishafika mdomoni. Kisha akaona vile vidole vya mwanawe kwenye bati.

"Weka taa mezani," alisema. "Usinipe kitu."

Alishuka taratibu, akatoa fyuzi mfukoni. "Ina nukta ya rangi gani?"

"Nyekundu, baba."

Ya taa huwa nyeupe. Aliyekulia nyumbani kwa Fyuzi hahitaji kufafanuliwa. Binti akaitazama ile fyuzi, akazitazama nyaya, uso ukampauka.

"Tangu lini?"

"Tangu mvua zilizopita."

"Na wale unaowafungia umeme majumbani mwao?"

Mzee aliona aibu, aibu ya kweli, akainama.

Binti hakumgombeza. Akaenda kwenye boksi la umeme, akairudisha ile nyekundu, redio ikadakia wimbo katikati. Akachomoa nyeupe, akaijaribu swichi ya taa ya jikoni mara mbili, haikuwaka, halafu akakunja mikono ya blauzi na kupanda.

"Nielekeze," alisema.

Mzee akaishika ngazi kwa mkono mmoja. Mwingine, kwa mazoea, aliunyoosha juu, kiganja wazi, apewe fyuzi aitie mfukoni.

Binti akaigusa sketi yake, mfukoni. "Aliye juu ya ngazi, baba."

Mzee akaurudisha mkono, akaishika ngazi kwa yote miwili.