Meno ya Mwalimu wa Darasa la Kwanza

Mama yangu alifundisha darasa la kwanza katika shule ya msingi moja pale Butimba, Mwanza, kwa miaka kumi na tisa. Alisimama mbele ya watoto, akawaambia wamtazame mdomo, halafu akatamka: fa, fe, fi, fo, fu. Meno ya juu yanagusa mdomo wa chini, pumzi inatoka, darasa zima linafuata. Wengi wao nyumbani walizungumza Kisukuma tu, wengine Kijita au Kikerewe, na Kiswahili chao cha kwanza walikisoma kwenye uso wa mama.

Nilikuwa darasa la sita daktari wa meno alipokuja shuleni kwetu. Alikuwa mwanamke kijana, amebeba kioo kidogo chenye mpini na sanduku la chuma. Aliwakagua watoto barazani, mmoja mmoja, juu ya benchi. Mama aliwapanga wa kwake kwenye mstari na kuwashika mabega wale waliokuwa wanalia. Walipokwisha, daktari akapigapiga benchi kwa kiganja.

"Mwalimu, sasa wewe. Kaa nikuangalie."

Mama akacheka. "Mimi siumwi, daktari. Shughulika na hawa wala pipi."

"Si lazima uumwe. Hapo ulipocheka nimeona ugaga umekaa kwenye fizi, umeshakuwa kama jiwe. Njoo hospitali tukusafishe. Haichukui hata saa nzima."

"Nitakuja," mama akasema, akawarudisha watoto darasani.

Hakwenda, na sikumbuki kama alilitaja tena. Kwetu mtu alikwenda kwa daktari wa meno shavu likiwa limevimba, akarudi na pamba mdomoni. Kwenda ukiwa na meno yako yote, hakuna linalouma, eti ukasafishwe, kulionekana kama kumwita fundi kwenye paa lisilovuja.

Miaka hiyo ndiyo maduka ya mjini yalijaa vitu ghafla. Sisi tuliokuwa tumezoea kupanga foleni ya sabuni, sasa tulikuta dawa za meno za kila rangi, nyingine zina mistari, nyingine zinanukia mnanaa, na kila boksi lina picha ya mtu anayetabasamu. Mama alizijaribu karibu zote. Kila asubuhi povu alilotema kwenye beseni lilikuwa la pinki, nami niliyemmiminia maji niliona. "Brashi hii ngumu," alisema. Akanunua laini. Damu ilipoendelea, akaanza kupitisha brashi juu juu tu mahali palipotoka damu, akiogopa kujiumiza. Sikumwambia mtu. Nilidhani ndivyo watu wazima walivyo.

Nilipokuwa kidato cha pili tulisafiri kwenda kwa bibi, mama yake, upande wa Sengerema. Pale Kigongo tulikuta pantoni imetoka kwenda Busisi, ng'ambo ya ziwa, ikabidi tungoje. Tukanunua mahindi ya kuchoma, tukakaa juu ya mizigo yetu. Mama akaacha kutafuna ghafla. Akatia vidole mdomoni, akatoa kitu nilichodhani ni punje. Lilikuwa jino la mbele, zima, na mzizi wake, halina hata tundu.

Aliligeuza geuza kiganjani. "Mbona halikuuma?" akaniuliza, kana kwamba mimi ningejua.

Alilifunga kwenye leso. Pantoni ilipofika tulipanda, tukavuka, tukashuka, na leso aliishika mkononi mpaka tulipofika kwa bibi.

Tuliporudi Mwanza nilimsindikiza hospitali. Daktari alikuwa yule yule, na alimkumbuka.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja."

Alimkagua kwa muda mrefu. Aligusa meno kwa kidole kimoja, na mimi niliyekaa kwenye kiti cha pembeni niliyaona yakicheza. Kisha akavua glavu na kusogeza kiti chake karibu.

"Mwalimu, ugaga umekaa chini ya fizi miaka mingi, umeula mfupa unaoshikilia meno. Haya matatu ya mbele yaliyobaki hayana pa kujishikiza. Itabidi tuyatoe. Na haya ya pembeni nitayasafisha, lakini siwezi kukuahidi."

"Lakini mimi nimepiga mswaki kila siku ya maisha yangu."

"Najua. Ugaga ukishakuwa jiwe mswaki hauuwezi. Huo ni wa kukwanguliwa na sisi, kila baada ya miezi sita, hata kama mtu haumwi."

Mama akasema, "Wewe uliniita."

"Ndiyo, mwalimu."

"Nikakwambia siumwi."

Daktari alianza kupanga vyombo vyake kwenye sinia.

Walimtengenezea meno ya bandia. Kwa kuwa hata ya pembeni yalikuwa yanalegea, hayakupata pa kushika vizuri. Siku moja yalidondoka mezani akiwa anafundisha, na watoto wakacheka, maana walikuwa na miaka saba. Tangu hapo aliyaacha nyumbani kwenye kikombe.

Alasiri moja alirudi na madaftari ya imla, nikamsaidia kusahihisha. Alikuwa amewasomea maneno kumi. Daftari la kwanza nililofungua, mtoto ameandika "hagio". La pili, "hagio". Badala ya "fimbo", "himbo". Nikachukua kalamu nyekundu nianze kukata. Mama akanizuia mkono.

"Usikate."

"Mama, wamekosea."

"Hawajakosea. Wameandika walichosikia."

Aliyachukua yote, akaweka vema kwenye kila "hagio" na kila "himbo", daftari moja baada ya jingine, bila haraka. Wiki iliyofuata alimwomba mwalimu mkuu amtoe darasa la kwanza. Akapewa kusimamia stoo na shamba la shule. Nyumbani nilimsikia akimweleza baba, kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa tu, kwamba stoo ina majembe mengi yasiyo na mipini.

Alizoea kuongea akiwa ameshika upindo wa kanga mdomoni. Kanisani aliacha kuimba. Meno ya pembeni nayo yaliondoka, sikuhesabu yaliondoka lini.

Mimi mwenyewe nilisafishwa meno kwa mara ya kwanza nikiwa na miaka ishirini na sita. Sikuwa naumwa. Machozi yalinitoka, daktari akasimamisha mashine, akaniuliza kama ameniumiza. Nikamwambia aendelee. Iliisha kabla ya nusu saa, nikatoka nje, nikasimama juani kwenye ngazi za hospitali, nikashindwa kushuka.

Kuna jambo jingine, na hilo ni langu. Nilipokuwa kidato cha tatu, shule yetu ilikuwa na siku ya wazazi, na kila mzazi alitakiwa kusimama aseme machache. Barua ya mwaliko ilisema wazi: mama au baba. Nilimpelekea baba. Nilimwambia kwa sauti ya chini kwamba ni afadhali aje yeye, kwa sababu mama hasikiki vizuri. Mama alikuwa jikoni, mlango uko wazi.

Alitoka akiwa anafuta mikono. "Sawa, mwanangu," akasema. "Baba yako anaongea vizuri."

Miaka mingi baadaye, mwaka mmoja kabla hajafariki, nilikaa naye nikamwomba radhi kwa siku ile. Akaniambia hakumbuki siku gani ninayoisema. Akageukia dirishani, na upindo wa kanga ukapanda mdomoni, nikajua anakumbuka yote.