Siku Tuliyohojiwa Kabla ya Ndoa

Nilipoamua kuolewa, kadi yangu ya ukaazi ya mwanafunzi ilikuwa imebakiza miezi mitano. Nilitoka Kigoma kuja Brussels kusomea afya ya jamii, na mchumba wangu alikuwa Mkongo wa Uvira, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Yeye alifika Ubelgiji zamani kama mkimbizi. Sasa alikuwa na kibali cha kuishi bila kikomo, na kazi yake ilikuwa kuwahudumia wazee katika nyumba ya kuwatunza. Tulikuwa tumekaa pamoja mwaka mzima.

Ushauri ulikuwa mwingi. Mwenzangu wa darasani alisema nirudi nyumbani nikaombe viza ya mke ubalozini. Tonton mmoja, mzee Mkongo jirani yetu tuliyemwita mjomba, alipendelea tujiandikishe tu kama watu wanaoishi pamoja.

"Ma fille, musikimbilie ndoa," alisema. "Cohabitation ni karatasi tu. Mukishindwana munaivunja, alors kila muntu anaenda kwake."

"Tonton, mimi sijapanga kushindwana naye."

Alicheka mpaka akakohoa.

Sikutaka kubahatisha. Nilimtafuta mwanasheria wa msaada wa bure mtaani Etterbeek, mama mpole aliyezikagua kadi zetu mbili mbele na nyuma. Alisema ningeweza kumaliza masomo nikatafuta mwajiri wa kuniombea kibali cha kazi. Tungeweza pia kujiandikisha kama alivyosema tonton. Au tufunge ndoa, kisha niombe kukaa kama mke, papo hapo Brussels, mradi siku ya kuomba kadi yangu iwe hai. Hakunificha kwamba miaka ya mwanzo haki yangu ingefungamana na ndoa. Nililipima hilo nikiwa bado kwenye kiti chake, nikalikubali.

Komini, yaani ofisi ya serikali ya mtaa, ikatuita tuhojiwe kila mmoja peke yake, wahakikishe kwamba hatuoani kwa ajili ya kadi. Niliingia wa kwanza. Ofisa, mwanamume wa makamo aliyechapa kwa vidole viwili, aliniuliza nani huamka mapema, mapazia yetu yana rangi gani, jana tulikula nini.

"Ugali, dagaa na mchicha," nilijibu bila wasiwasi.

Kisha mchumba wangu akaingia, nami nikangoja kwenye korido. Baada ya nusu saa tuliitwa wote wawili.

"Bwana anasema mlikula foufou, ndagala na lengalenga," ofisa alisema. "Wewe umetaja vitu vingine vitatu. Nani anasema kweli?"

Nilirudia majina yale kimoyomoyo. Halafu nikaelewa, kicheko kikanitoka.

"Ni chakula kile kile," nilimwambia kwa Kifaransa. "Kwetu tunaita hivi, kwao wanaita vile."

Mchumba wangu akanigeukia. "Si nilikuambia useme ndagala? Hii dagaa yako njo inatuletea matata."

"Uliniambia lini? Na kwa nini nisiseme dagaa, wakati ndiyo jina lake?"

Ofisa aliacha kuchapa. Nikaomba karatasi, nikaandika majina yote sita, matatu yangu na matatu yake, nikachora mistari ya kuyaunganisha. Aliisoma polepole.

"Na nani alipika?"

"Mimi," tulijibu kwa pamoja.

Ukweli ni kwamba yeye aliusonga ugali kwa sababu ninaousonga mimi anauona laini mno, mimi nikapika vilivyobaki. Tulibishana hapo hapo, kwa Kiswahili, nani hasa anastahili kuitwa mpishi. Ofisa aliitia ile karatasi yangu ndani ya faili, akachapisha mahojiano, tukatia saini.

Ruhusa ilikuja baada ya wiki kadhaa. Tulifunga ndoa siku ya Alhamisi, tonton akiwa shahidi ndani ya suti ya bluu. Jumatatu niliwasilisha ombi langu, kadi ya mwanafunzi ikiwa imebakiza siku kumi na moja. Nilipewa karatasi ya muda, na asubuhi moja polisi wa mtaa alikuja kuona kama kweli naishi pale. Alinikuta nimesukwa nusu kichwa. Nikamkaribisha ndani, akaangalia viatu vya mume wangu mlangoni, akaandika, akaenda zake.

Kadi mpya niliichukua miezi sita baadaye. Iliniruhusu kufanya kazi, kwa hiyo nilipomaliza shahada niliomba kazi hospitalini bila kuhitaji mwajiri aniombee kibali. Wakanichukua.