Nyama ya Georgina Haina Kipande cha Mkubwa

Jua halijapanda juu ya migomba na Georgina Kokubanza ameshakaa kwenye kigoda, paja la ng'ombe limelala mbele yake juu ya majani ya mgomba. Kisu kinapita haraka. Kila kipande kinachoanguka kwenye beseni kina ukubwa wa haragwe, labda kuzidi kidogo.

"Bakiza minofu ya paja moja," anasema Ndugu Nathanieli Kagaruki, mwenyekiti wa kijiji, akiwa amesimama mlangoni mwa jiko. "Leo tuna mgeni kutoka wilayani. Apate vipande vya kueleweka."

"Nimesikia, Ndugu Mwenyekiti."

"Umesikia au unanijibu tu?"

"Nimesikia, waitu," anajibu kwa heshima ya Kihaya, bila kuinua kichwa. Kisu hakisimami.

Mwenyekiti anaondoka. Immakulata, mwanamke anayepika naye, anapuliza moto halafu anasema kwa sauti ya chini: "Safari hii atakutoa kweli." Si maneno ya kutishana. Jumapili iliyopita Kagaruki alitangaza mkutanoni kwamba nyama ya mgeni ikichanganywa tena na ya watu, jiko la kijiji atapewa mwingine.

Hapa ni Kyamutara, kijiji cha ujamaa upande wa Muleba, mwaka huu wa 1975. Watu mia na arobaini wanapalilia kahawa ya pamoja, na mara moja kwa mwezi anachinjwa ng'ombe. Mgawo wa mwaka jana, mavuno yalipokwisha kuuzwa, ulikuwa shilingi sitini na mbili kwa kila mtu. Viongozi walisema ni hali ya hewa. Hali ya hewa ya nchi hii ina bahati mbaya, kila kosa ni lake.

Georgina anakaribia miaka hamsini. Alizaliwa Kanazi, na alipokuwa msichana aliosha vyombo Bukoba mjini kwa mama mmoja aliyeitwa Shamsa, mwenye hoteli ndogo karibu na soko. Huko ndiko alikojua bizari, giligilani na tangawizi.

"Kwetu tulijua chumvi tu," anasema. "Siku ya kwanza Shamsa aliponionjesha mchuzi wake nilikunywa maji kata nzima. Siku ya pili nikamwambia, mama, niongezee."

Lakini kukata nyama ndogo hakufundishwa na Shamsa. Alifundishwa na mfupa.

Zamani nyama ya Kyamutara ilipikwa vipande vikubwa, na viongozi, ambao jembe wanalijua kwa kulihutubia, walipakuliwa kwanza. Waliolima shamba la mbali walifika mwisho wakakuta mchuzi. Siku moja mzee Mujuni, aliyechimba mtaro tangu asubuhi, alipewa mfupa mweupe. Hakugomba. Aliupangusa, akautia mfukoni.

"Nampelekea mbwa wangu," aliwaambia watu. "Akiuona atajua tumekuwa sawa."

Watu walicheka, Georgina hakucheka. "Niliona aibu, maana mkono uliopakua ni wangu," anasema. "Nikajiuliza, kipande kikiwa kidogo hivi, mkubwa atachagua nini?"

Ndivyo mchuzi huu ulivyozaliwa. Anakaanga nyama kwa mafuta yake yenyewe mpaka maji yote yakauke na ianze kulia ndani ya sufuria. Anatia vitunguu, tangawizi iliyotwangwa, bizari, kisha nyanya nyingi. Maharage yaliyochemshwa kando yanaingia baadaye, na pilipili kichaa zinasagwa mwisho. Tangawizi na pilipili anazilima mwenyewe katikati ya migomba, maana duka la kijiji lina rafu nzuri na bidhaa hamna. Unachemka polepole mpaka mwiko usimame wenyewe.

Nyumba isiyo na mwanamke jiko lake huota majani, wengine tunajua. Mtu wa nyumba kama hiyo akipata bakuli la Georgina, hata kabla hajala, harufu peke yake inamkalisha chini.

Saa saba mchana mgeni amekaa kwenye kiti pekee chenye mgongo. Ndizi zimepakuliwa, mchuzi umemwagwa juu yake. Anageuza kijiko huku, anageuza kule.

"Mwenyekiti," anauliza, "nyama mliyoniambia iko wapi?"

Kagaruki anamtazama Georgina. Watu wote wanamtazama Georgina. Anaweka upawa chini, anapangusa mikono kwenye khanga.

"Imo humo, ndugu mgeni. Yako na ya wote."

"Ni kama michango yetu inayokwenda wilayani, waitu," mzee Mujuni anadakia kutoka nyuma. "Haionekani, lakini tunaambiwa imo."

Mgeni hacheki. Anakula. Anapangusa jasho la paji la uso, anaomba maji, anamaliza bakuli mpaka chini, halafu anapanda gari lake. Kagaruki anamsindikiza kwa macho.

Kesho yake mwenyekiti alitimiza ahadi. Alimwita Immakulata mbele ya wanawake wenzake, akamkabidhi kisu.

"Nitapika, Ndugu Mwenyekiti," Immakulata alisema. "Ila mimi nimejifunza kukata hivi tu. Mkono haujui namna nyingine."

Akaita wa pili. Naye akasema mkono wake haujui. Wa tatu aliuliza kama mwenyekiti angependa kuja kukata mwenyewe. Kisu kikabaki mezani mpaka siku ya kazi ya pamoja, ambapo watu mia na arobaini wangerudi na njaa, na hapo Kagaruki mwenyewe alikipeleka nyumbani kwa Georgina, akakiweka kizingitini, akaenda zake.

"Hakunisalimia," anasema Georgina, na kwa mara ya kwanza anacheka kwa sauti. "Lakini alikuwa amekinoa."

Ukimwuliza kama sasa ameridhika, anatikisa kichwa. Ng'ombe anachinjiwa nyuma ya ofisi ya kijiji, anasema, na maini hayajawahi kufika jikoni. Yanafungwa kwenye jani na kupita njia nyingine, mpaka majumba yanayojulikana. Wanawake wamekubaliana kwamba mwezi ujao watadai ng'ombe achinjiwe mbele ya jiko, mchana, kila mtu akiona.

"Maini hayataki moto mrefu," anasema, akiosha beseni. "Nitayakata madogo vilevile. Nitayatia mwisho kabisa, watu wakiwa wameshashika sahani."