Volti Zilizopotea Kanisani

Kibanda cha Mama Robi kilinuka tindikali, na harufu hiyo ilichanganyika na ya omena, dagaa wa ziwani, walioanikwa juu ya nyavu kando yake, hata ungepita ufukwe wetu wa Sori umefumba macho ungejua umefika kwake. Alikuwa Mkuria wa kutoka Ntimaru, mjane, na kazi yake ilikuwa kuchaji betri kwa paneli za jua. Kila Ijumaa asubuhi nilimpelekea betri ya kanisa letu la Kisabato na kuichukua alasiri, maana jua likishatua Sabato imeingia, na siku hiyo hatununui, hatuuzi, wala hatupeleki kitu kuchajiwa. Betri iliyojaa Ijumaa ilipaswa kutufikisha mwisho wa ibada ya Jumamosi, ipende isipende.

Nilipokuwa kidato cha pili, betri ilianza kutuaibisha. Sabato tatu mfululizo amplifaya ilizimika mhubiri akiwa ndiyo kwanza anafungua Biblia. Baba yangu, mzee wa kanisa, ndiye aliyesimamia vyombo. Sabato ya tatu alisimama mbele ya washiriki akasema huyo mama anatuchajia nusu, na kwamba tunampa Ijumaa moja tu ya mwisho. Kufikia Jumatatu wenye boti nao walikuwa wameanza kuondoa betri zao kwake. Lisemwalo lipo, walisema, na kama halipo laja. Mama Robi hakuwa na shamba wala ndugu hapo Sori. Alikuwa na kibanda hicho, na binti yake Robi, ambaye nilikaa naye dawati moja.

Ijumaa hiyo nilimkuta anaipangusa betri yetu kwa kitambaa, taratibu, kama anayemwogesha mtoto. Niliona haya kumtazama. Alinikabidhi betri, kisha akachukua mita yake ya kupimia umeme, ya pekee aliyokuwa nayo, akaniwekea mkononi. "Robi ananiambia nyinyi mnasoma hii mambo shule," alisema. "Basi pima amplifaya ikiwa inafanya kazi. Pima kwa betri, halafu pima kule kwa amplifaya. Usinifichie kitu, hata kama makosa ni yangu." Mpaka leo sijui kama mimi ningeweza kumwazima mita yangu binti wa mtu aliyenichafulia jina.

Kanisani betri ilikaa nje, nyuma ya ukuta, kwa kuwa Baba hakutaka tindikali imwagikie zulia la mimbarini. Alikuwa ameihamishia huko mwezi huohuo, akaivutia waya mwembamba wa spika za redio kupitia dirishani hadi mbele, na kazi hiyo aliionea fahari kweli. Niliwasha amplifaya. Kwenye betri nilisoma volti kumi na mbili na nusu. Kwenye amplifaya, kumi nukta moja. Volti mbili nukta nne zilikuwa zimepotea njiani, na mkondo ulikuwa ampea sita. Nilichuchumaa na daftari langu. Volti gawanya kwa ampea: ukinzani wa waya ni omu sifuri nukta nne. Volti mara ampea: wati kumi na nne na zaidi zilikuwa zikiishia kuupasha waya moto. Niliushika, nikaukuta vuguvugu. Amplifaya ile ilijizima ikipata chini ya volti kumi, kwa hiyo betri ikishuka kidogo tu, ingali na nguvu tele, amplifaya ilinyamaza.

Nilimwita Baba. Katika nyumba yetu mtoto hakumwambia Baba kwamba amekosea. Alisubiri agundue mwenyewe, hata kama ingechukua miaka. Nilimwonyesha tarakimu. Alizisoma, akaushika waya.

"Ni waya yangu," alisema.

Jua lilikuwa bado juu ya ziwa. Tulikwenda kibandani, yeye mbele, mimi na mita nyuma.

"Mama Robi, nimekukosea," alisema. "Betri ilikuwa sawa."

Mama Robi hakuinua kichwa. "Ile siku ulisema mbele ya watu, mzee. Na hii unakuja kuniambia hapa kwa kibanda?"

Muungwana akivuliwa nguo huchutama. Kesho yake, kwa waya mnene na mfupi ambao Mama Robi alituazima jioni ileile, Baba aliungama kosa lake mbele ya washiriki, na spika ikalipeleka hadi ufukweni. Alimtaja Mama Robi kwa jina mara mbili. Wiki iliyofuata betri zilianza kurudi kibandani, ingawa si zote.

Leo Sori ina nguzo za umeme, na mimi ni fundi umeme mjini Homa Bay. Hesabu ni zilezile. Namshukuru Mama Robi kwa mita yake, kwa kuwa ndiyo iliyonipa kazi hii. Mara kwa mara mimi humwonyesha mtu mzima kwamba nyaya alizofunga mwenyewe ndizo zinazomuunguzia vyombo, naye hunikunjia uso na kwenda kutafuta fundi mwanamume. Nilikua nikidhani kila mtu mzima akionyeshwa hesabu hufanya kama alivyofanya Baba. Sasa najua ni wachache, na kwamba mimi nililelewa na mmoja wao.