Walipandishwa mlima peku

Jua halijafika bondeni, na majani ya Mbebe, wilayani Ileje, bado yamelowa umande wa Julai. Ambilikile Mwasenga anakaza kamba kwenye mzigo wake: mchele, kopo la samli na taa ya shaba iliyoviringishwa kwenye kanga. Wapagazi wenzake hawaangalii mzigo. Wanaangalia miguu yake.

"Ambi, leo unaoa?" anatania Yonathani, mpagazi mwenzake. "Mbona umevaa viatu?"

Ni raba za mtumba, moja imeshonwa kwa uzi wa kijani. Lakini katika safari hii hakuna mpagazi aliyewahi kupanda na kitu mguuni.

Kila Julai, waumini wa Kihindu kutoka Tunduma na Mbeya hupanda kilele cha Ishenga kuhiji kwenye hekalu dogo la mawe, lililojengwa na familia moja ya wafanyabiashara. Ni mwendo wa kutwa, katikati ya mianzi, miamba na ukungu. Waumini hubeba maua na vitabu vya sala. Vingine vyote hubebwa na wakulima wa hapa, kwa shilingi elfu kumi.

Damiano, msimamizi aliyewekwa na wakala wa safari, ndiye aliyewaambia tangu mwanzo kwamba mlima ni mtakatifu, hivyo mpagazi apande peku.

"Tukamuuliza, mbona wao wamevaa?" anasema Ambilikile, mwenye miaka 43. "Akajibu, wao wameshatakaswa, ninyi bado. Sisi ni watu wa kanisani, tunaheshimu mahali pa sala pa mwenzetu. Tukavua."

Mdogo wake, Ipyana, alivua pia. Hiyo ilikuwa mwaka 2010. Alikuwa na katambuga mpya za tairi, alizotengenezewa Itumba. Akazificha chini ya jiwe, akapanda. Huko juu akakanyaga kisiki cha mwanzi, kikazama kwenye unyayo. Damiano akamwambia chakula cha wageni lazima kifike. Kikafika.

Siku chache baadaye pepopunda ikamkamata.

"Taya zilifunga, hata uji haupiti," anasema mjane wake, Tupokigwe, akipepeta maharage bila kuinua uso. "Damiano alikuja msibani na sukari. Akaniambia, shemeji, ni kazi ya Mungu. Mungu gani anakataa kandambili?"

Baada ya mazishi, Ambilikile alirudi kwenye lile jiwe. Katambuga zilikuwepo bado, kavu kabisa.

Mwaka jana, wakiwa wamepumzika njiani, Kantaben, bibi anayeuza vitambaa Tunduma, alikaa karibu naye.

"Baba, viatu vimepotea?"

Ambilikile akamweleza. Bibi akashika kichwa.

"Nani kasema? Viatu tunavua mlangoni tu! Mtu akitembea peku, ni nadhiri yake mwenyewe. Na vyenu tunavilipia kila mwaka, pesa anapewa Damiano. Tulidhani mnaviuza."

Ambilikile anasema siku ile hakusikia baridi. "Masikio yalivuma kwa hasira. Ndugu yangu hakuuawa na dini ya watu. Aliuawa na mtu aliyekula viatu vyake."

Asubuhi hii Damiano anafika akiwa na mabuti hadi kwenye mashavu ya miguu. Anaona raba.

"Vua, mzee. Usinichafulie safari."

"Sivui."

"Basi shusha mzigo. Watu wa kubeba wapo wengi."

Ambilikile anashusha. Yonathani, ambaye hacheki tena, anashusha wake, anatoa kandambili kwenye mfuko wa koti na kuzivaa. Mizigo inashuka mmoja baada ya mwingine, mpaka mahujaji wanatoka kwenye gari kuuliza kuna nini.

"Damiano, viatu vyao viko wapi?" anauliza Kantaben.

"Vimekwama mpakani, mama."

"Miaka yote hii? Mpaka gani huo?" Bibi anamtazama miguuni. "Hebu vua hayo mabuti, upande hivyo hivyo nikuone."

Damiano anageuka kwenda kupokea simu ambayo hakuna aliyeisikia ikilia. Wakala wake, alipoulizwa na mwandishi, alisema suala hilo linashughulikiwa.

Ambilikile, raba zikiwa bado miguuni, anajitwika mzigo tena. Anataka kila mpagazi apewe viatu kabla ya kugusa kamba, na Damiano aende kwa Tupokigwe akaseme ukweli kwa kinywa chake. Asipokwenda, anasema, hatachoka kumfuata.

Leo ana jambo moja zaidi. Anafungua koti. Kifuani, zimefungwa kwa kamba ya katani, ziko katambuga za Ipyana.

"Nitaziweka pale mlangoni, katikati ya viatu vya waumini. Wakitoka kusali kila mtu atavaa vyake. Hizi zitabaki," anasema. "Watauliza ni za nani. Nataka Damiano awepo wakati wanauliza."