Ramani Iliyobandikwa Kichwa Chini

Milcah aliolewa kutoka Kimilili mwaka 1979, akaletwa juu ya machimbo ya udongo mweupe, upande wa Gilgil, katika nyumba ya mbao iliyozibwa nyufa kwa karatasi. Kulikuwa na magazeti, mifuko ya saruji, na sebuleni ramani kuukuu ya bonde zima. Baba mkwe wake, Mzee Khisa, alipewa ramani hiyo na wapimaji ardhi wazungu aliowabebea mnyororo wa kupimia. Aliibandika kwa uji wa ngano, kichwa chini. Wageni walicheka. Mzee alieleza mara moja tu, akiutazama ukuta badala ya mkwe wake, kama heshima ilivyotaka: ukuta ule uko kusini, na machimbo yako kusini. Ukisimama mbele ya ramani, kushoto kwake ndiko kushoto kwa bonde.

Milcah aliisoma miaka arobaini na zaidi, akimenya viazi. Alijua kila mstari wa kilima, na vile vidoti vya handaki ambalo mdomo wake uliporomoka zamani.

Mwaka huu bintiye aliamua kumjengea nyumba ya mawe. Fundi Maxwel alifika, akainamisha shingo upande mbele ya ramani.

“Mathe, hii kitu iko kichwa chini.”

“Iko sawa.”

Maxwel aliipiga picha, akaigeuza kwenye simu mpaka maandishi yakasomeka. Akasimama mlangoni, akatazama machimbo kule kusini. “Handaki liko kulia, kwa migomba. Tunajenga kushoto.”

“Kushoto ndiko liliko.”

“Mathe, hata ramani nayo unaibishia?”

“Mimi naisoma tangu hujazaliwa. Wewe umeisoma tangu saa nne.”

Mchimbaji, Kipkorir, alikuwa ameshaanza mtaro wa msingi, umefika magotini. Milcah alichukua sinia la sukuma wiki, akashuka, akaketi humo na kuanza kuchambua.

“Mathe, toka basi.”

“Kipkorir akitoka, nitatoka.”

Kipkorir alitoka mbio. Milcah naye akapanda, akamfunga Kipkorir kamba kiunoni, ncha ya pili akaifunga kwenye mti. “Sasa piga mtaimbo, ukiwa hapo ukingoni.”

Pigo la kwanza, udongo. La pili, udongo. La tatu mtaimbo ukateleza mikononi mwake, ukazama wote. Walisikiliza. Uligonga mahali, kisha ukagonga tena, chini zaidi.

Maxwel alizima simu.

“Huo ulikuwa wangu,” alisema Kipkorir.

“Mtaimbo utapata mwingine,” alisema Milcah, akaokota sinia lake. “Haya, twendeni kwa migomba.”