Kuta Nilizojenga Uani

Nakumbuka siku niliyobomoa ukuta wangu mwenyewe, mchana kweupe, wapangaji wakinitazama. Mwanangu, mimi darasa la nne sikumaliza, lakini ukishuka stendi ya Kasulu ukauliza nyumba yangu, bodaboda hatakuuliza mara mbili. Hilo najivunia. Hili lingine nalisema nimeinama.

Nyumba yangu ya kwanza ya kupangisha, pale Murusi, ilikuwa na ua mmoja na jiko moja la nje. Mama Odeta, mzaliwa wa Burundi aliyeolewa huku kwetu, alipikia hapo maharage yake. Mke wa muuza duka, mtu wa Tanga, alikuna nazi pembeni. Mwalimu Rehema, binti wa Mtwara aliyeishi peke yake, alionja vya wote. Walizozana kwa ajili ya moshi, wakacheka, wakazozana tena. Mimi, kijana mwenye pesa mpya, nikaona ule ni ushamba. Nikavunja jiko, nikaukata ua kwa kuta za tofali za kuchoma, kila mpangaji na jiko lake, na geti lake.

Fundi Bihoma, mzee aliyenifundisha kushika mwiko wa kujengea, alinionya: "Hawa kwao mbali. Hapo jikoni ndipo kwao."

"Mzee, hayo ya zamani," nikamjibu. Eti mimi!

Masika yale Rehema alishikwa na malaria. Siku mbili alilala sakafuni, pasipo mtu kujua. Mama Odeta aliona kimya, hasikii ufagio wake asubuhi, akapanda juu ya ndoo akachungulia ng'ambo ya ukuta, akapiga yowe. Nusura tumzike. Alipopona, kaka yake alikuja kumchukua, wakaondoka bila kuniaga.

Fundi Bihoma akaniletea nyundo. "Ulijenga mwenyewe."

Nikaanza kugonga. "Tajiri, shika vizuri!" akasema Mama Odeta. "Hiyo si kalamu. Aa, pole, na kalamu nayo huijui."

Wakacheka. Nilishukuru vumbi, maana lilinificha macho.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi nilijenga ukuta nikaleta ufa. Mwanangu, ukiwajengea watu waliotoka mbali, mpe kila mmoja mlango wa kufunga, kisha waachie mahali pamoja pa moto na maji, watafutane hata kwa ugomvi. Na ukimkosea mtu, mwombe radhi kabla hajapanda basi. Mimi Rehema sijamwomba mpaka leo.

Mungu akujalie nyumba yenye kelele, na jirani wa kukuulizia ukinyamaza.